Kelele za Watazamaji kama Hukumu: Mashindano ya Ngoma Pumwani kutoka Beni hadi Televisheni

Utangulizi

Yeyote anayetazama mashindano ya dansi katika televisheni zetu husikia mambo mawili kwa pamoja: muziki unaochezwa na kelele za watazamaji walioketi ukumbini. Kuna vifijo, vigelegele, mbinja, makofi na, mara mojamoja, zomeo. Wahakiki wamezielewa kelele hizi kwa namna mbili. Wapo wanaoziona kuwa usumbufu unaomzuia mtazamaji makini kumwona mchezaji. Wapo pia wanaoziona kuwa pambo la kibiashara lililoletwa kutoka Marekani na Uingereza pamoja na taa na kamera. Mitazamo yote miwili ina jambo moja linaloiunganisha: inachukulia kwamba kelele ziko nje ya sanaa yenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika historia ya ngoma za mashindano za Waswahili, kelele za hadhira zilikuwa chombo cha hukumu. Kwa kelele hizo umma ulitamka nani amecheza vyema, nani ameshindwa kujibu, na wimbo upi umepata shabaha yake. Tutadai kwamba ukumbi wa kikoloni ulianza kuitenga kelele na hukumu, na kwamba televisheni imeukamilisha utengano huo: imebakiza sauti ya hadhira na kuiondolea mamlaka yake. Suala hili linamhusu pia mwanafunzi anayenukuu fasihi simulizi nyanjani na kuamua, kwa kufuta au kuacha, ni sauti zipi zinazostahili kuingia katika matini.

Mfano wetu mkuu ni Pumwani, mtaa wa mashariki ya Nairobi ambao wenyeji wengi huuita Majengo. Tumeuchagua kwa sababu hapo mapokeo ya pwani yalikutana mapema na utawala wa manispaa, na kwa hiyo mvutano tunaouzungumzia unaonekana waziwazi.

Pumwani: hadhira isiyo na wazee wake

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Katika miaka yake ya mwanzo Waafrika waliishi katika vijiji walivyojijengea wenyewe, kama vile Pangani, Maskini, Kaburini na Mji wa Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 utawala ulitenga Pumwani iwe makazi rasmi ya Waafrika, na vijiji vya zamani vikaanza kuvunjwa. Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, ndipo ikabomolewa na mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa. Pumwani ilitofautiana na mitaa mingi ya baadaye kwa jambo moja kubwa: wakazi walipewa viwanja wakajenga nyumba zao wenyewe, nyumba za vyumba vingi zenye umbo lililotoka pwani, wakapangisha. Bujra (1975) ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba hao wa awali walikuwa wanawake, ambao walikuwa wamekuja mjini peke yao na kujipatia mali kwa jasho lao.

Watu wa Pumwani walitoka kila upande. Walikuwapo watu wa pwani, Wanubi, Wamanyema, Wakikuyu, Wakamba na wengineo, na wengi kati yao waliingia katika Uislamu na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani. Kwa mhakiki wa sanaa za maonyesho jambo hili lina maana kubwa. Katika kijiji walikotoka, mchezaji alikuwa na wazee wa ukoo au rika lake waliojua ngoma ile na kumpima kwa kanuni zilizozoeleka. Pumwani hapakuwa na ukoo mmoja wala rika moja lenye haki ya kusema ngoma hii imechezwa sawasawa. Hadhira ilikuwa mkusanyiko wa wageni waliokuwa wakijifunza kuwa majirani. Kwa maoni yetu, hali hii iliipa kelele ya umma uzito wa pekee. Pale ambapo mamlaka ya urithi haipo, sauti ya waliohudhuria ndiyo mamlaka inayobaki.

Beni, lelemama na maana ya kutuza

Ngoma zilizofika Nairobi kutoka pwani zilikuwa tayari na muundo wa ushindani. Ranger (1975) ameifuatilia beni tangu miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 hadi bara, ilikofikishwa na reli, watumishi, askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Beni iliiga bendi za kijeshi za Wazungu, pamoja na sare, vyeo na gwaride, lakini mhimili wake haukuwa kuiga. Mhimili wake ulikuwa pande mbili. Mombasa palikuwa na Kingi na Settla, na Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Kule Lamu ushindani wa mitaa ya Mkomani na Langoni ulikuwa umeizoeza jamii kuona sanaa kama jibu kwa sanaa ya upande wa pili kabla beni haijazaliwa.

Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye wengi wetu tunamfahamu kama mnakili hodari wa miswada ya tenzi, alikuwa pia mtu wa ngoma za mashindano za mji wake. Miswada aliyoiandika imehifadhiwa katika maktaba za Ulaya na imehaririwa kwa uangalifu. Sauti za watu waliomshangilia au kumkejeli uwanjani hazikuhifadhiwa na yeyote. Kwa hiyo tumerithi nusu ya msanii, kisha tukaizoea nusu hiyo hata tukaiona kuwa mtu mzima.

Kwa upande wa wanawake palikuwa na lelemama. Strobel (1979) ameeleza jinsi vyama vya lelemama vya Mombasa vilivyokuwa na vyeo, sare, karamu na nyimbo za kujibizana, na jinsi vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyoshindana kwa fahari. Mwendo wa lelemama ni wa taratibu. Wachezaji hujipanga safu, na miondoko yao ni ya mikono na vichwa zaidi kuliko miguu. Mtazamaji mgeni angeweza kudhani kwamba ngoma tulivu namna hii haihitaji kelele. Ukweli ni kinyume chake. Kwa kuwa mchezaji hafanyi mengi ya kuonekana kwa mbali, hadhira ndiyo inayotangaza kwamba jambo limetendeka. Kigelegele kikipigwa baada ya neno fulani la wimbo, wote huelewa kwamba neno hilo limemfikia mlengwa. Kikikosekana, fumbo limeanguka njiani.

Hapa tunapaswa kulitazama neno kutuza, au kutunza kama wasemavyo wengine. Katika ngoma na taarabu mtazamaji huinuka, hucheza hadi mbele huku fedha ziko mkononi na kuonekana, humpa mwimbaji au kumbandika, kisha hurudi mahali pake katikati ya vifijo. Askew (2002), akichunguza taarabu ya Tanzania, ameonyesha kwamba wakati wa kuinuka ni muhimu kuliko kiasi cha fedha. Anayeinuka kwenye ubeti fulani huufanya ubeti huo kuwa kauli yake mwenyewe, na aghalabu yupo mtu ukumbini anayejua kwamba yeye ndiye anayeambiwa. Mtunzi ameandika maneno, mwimbaji ameyatoa, lakini maana yake kwa usiku ule imekamilishwa na mtuzaji. Tukisema kwamba hadhira hapa ni mtunzi mwenza, hatutumii sitiari.

Neno tuzo limetokana na kitendo hiki. Leo tunapolisikia katika redio au televisheni tunafikiria kombe, hundi au gari lililotolewa na kampuni. Asili yake ni zawadi iliyotoka mkononi mwa mtazamaji, mbele ya watazamaji wenzake, wakati sanaa inaendelea. Safari ya neno hilo kutoka mkono wa hadhira hadi mkono wa mdhamini ndiyo, kwa ufupi, historia tunayoisimulia.

Jambo jingine linahitaji kusisitizwa. Katika mashindano ya beni na lelemama, aghalabu hapakuwa na jopo la kutangaza mshindi. Kila upande ulirudi nyumbani ukidai ushindi, na watu waliendelea kubishana kwa siku nyingi. Waandishi wa kikoloni waliona ubishi huu kuwa dalili ya fujo. Sisi tunauona kuwa ndio uliozaa tungo. Kwa kuwa hukumu haikufungwa, upande uliozomewa ulikuwa na sababu ya kutunga upya na kurudi. Kelele zilihukumu bila kumaliza kesi.

Ukumbi, kibali na jopo

Utawala wa kikoloni uliziogopa ngoma kwa sababu mbili: zilikusanya watu, na zilipiga kelele usiku. Ziliwekewa masharti ya kibali na ya muda. Ndani ya Pumwani ulijengwa katika miaka ya 1920 ukumbi uliojulikana kama Memorial Hall, ambao jina lake lenyewe ni la ukumbusho, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumbi za jamii ziliongezeka katika mitaa mipya kama Kaloleni. Frederiksen (1994) ameieleza juhudi hii ya manispaa ya miaka ya 1940 na 1950 kama utengenezaji wa utamaduni wa umma kutoka juu. Maofisa wa ustawi, wakiongozwa na fikra za watu kama Tom Askwith aliyeshughulikia mambo ya Waafrika katika manispaa ya Nairobi tangu mwaka 1945, waliamini kwamba burudani iliyopangwa vizuri ingemlea mwananchi wa mji mwenye adabu.

Ukumbi ulibadilisha umbo la hadhira. Katika uwanja au ua wa nyumba watazamaji huzunguka ngoma, nao huonana nyuso kwa nyuso. Anayepiga kigelegele huonekana na wote, na anayenyamaza pia huonekana. Ndani ya ukumbi wenye jukwaa watazamaji hugeuzwa wote kuelekea upande mmoja, na baina yao na mchezaji hupita mstari. Kadiri dansi ya jozi, kama vile waltz, foxtrot na baadaye rumba, ilivyopata wapenzi katika miji ya Afrika Mashariki, ndivyo ulivyoingia utaratibu wa mashindano yenye majaji, alama na zawadi iliyotangazwa mapema. Tamasha la muziki la Kenya, ambalo mizizi yake ni ya miaka ya 1920 miongoni mwa walowezi, lilieneza utaratibu huohuo mashuleni baada ya kufunguliwa kwa Waafrika: hadhira isikilize kwa utulivu, jaji aandike, kisha asimame na kueleza. Wengi kati ya walimu wa fasihi wa kizazi chetu walilelewa ndani ya utaratibu huo, na si ajabu kwamba utulivu unatuonekea kuwa ndiyo heshima ya sanaa.

Hata hivyo ingekuwa makosa kudhani kwamba kumbi za Eastlands zilipata hadhira iliyonyamaza. Kumbi hizohizo zilitumika kwa mikutano ya vyama vya wafanyakazi na ya siasa, na mtu aliyejifunza kumzomea mcheza dansi mbaya hakukosa sauti ya kumzomea msemaji mbaya. Palipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952, na hasa baada ya Operesheni Anvil iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, maelfu ya wakazi wa Nairobi, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikamatwa na kupelekwa vizuizini. Kwa mamlaka ya wakati ule, mkusanyiko wenye kelele haukuwa suala la adabu tena bali la usalama.

Baada ya uhuru hofu hiyo haikutoweka. Kule Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, mazoezi ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ yalifanywa hadharani, na wanakijiji walisahihisha, walicheka na kupinga walichokiona hadi maonyesho yenyewe yakabeba mkono wao. Serikali iliondoa kibali mwezi Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi wa wazi wa Kamiriithu ukabomolewa. Kilichozimwa hapo hakikuwa maneno ya waandishi wawili pekee, kwani kitabu kiliendelea kusomwa. Kilichozimwa ni hadhira iliyokuwa imepata tena haki ya kuhukumu na kurekebisha.

Televisheni: sauti bila mamlaka

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, ikawa chini ya Sauti ya Kenya mwaka 1964. Kwa muda mrefu ngoma zilizoonyeshwa zilikuwa za vikundi vilivyocheza mbele ya kamera pasipo hadhira, au katika sherehe za kitaifa ambako hadhira ilikuwa imekuja kumshangilia kiongozi. Kituo cha kwanza cha binafsi, KTN, kilianza mwaka 1990, na katika muongo wa 2000 vituo vingi vilishindania watazamaji. Ndipo mashindano ya vipaji yalipopata nafasi. Tusker Project Fame ya uimbaji ilianza mwaka 2006, na mwaka 2010 Citizen ilikuwa ikirusha Sakata, shindano la vikundi vya dansi lililowavutia vijana wengi wa mijini.

Muundo wa vipindi hivi umetoka nje. BBC ilikuwa na mashindano ya dansi ya ukumbini tangu miaka ya 1950, na kuanzia mwaka 2004 Strictly Come Dancing ilieneza duniani mpango wa majaji mezani, hadhira studioni na kura za watazamaji walioko nyumbani. Katika mpango huu kelele zinahitajika mno. Marekani, tangu miaka ya 1950, Charles Douglass alikuwa ameunda mashine ya kutia vicheko vilivyorekodiwa, ishara kwamba mtayarishaji hawezi kuvumilia onyesho lisilo na sauti ya watu. Hadhira ya studio huelekezwa wakati wa kushangilia, hupangwa ionekane imejaa, na sauti yake huongezwa au kupunguzwa na fundi.

Hebu tulinganishe na uwanja wa lelemama. Vifijo vipo, vigelegele vipo, hata mbinja zipo. Kilichoondoka ni matokeo. Mtazamaji wa studioni akinyamaza, kipindi hakibadiliki. Akishangilia hadi sauti ikauke, alama zimekwisha andikwa mezani. Sehemu ya hukumu iliyobaki kwa umma imehamishiwa kwenye simu: mtu mmoja, peke yake, analipia ujumbe mfupi ambao jirani yake hauoni wala hausikii. Kutuza kulikuwa tendo la hadharani lililomfunga mtendaji kwa maoni yake. Kura ya simu ni ya siri, nayo haimwaibishi wala kumpa heshima yeyote aliyeipiga.

Si lazima teknolojia au ukumbi uwe na athari hii. Katika Apollo Theater, Harlem, usiku wa wanagenzi ulioanza mwaka 1934 umeiachia hadhira haki ya kumwinua au kumwondoa msanii kwa shangwe na zomeo, na ukumbi huo una jukwaa na viti kama ukumbi mwingine wowote. Tofauti iko katika uamuzi wa nani mwenye neno la mwisho.

Aidha, haki ya zamani haijafa kabisa. Ipo nukta moja katika vipindi hivi ambapo hadhira husahau maelekezo: pale jaji anapotoa alama ya chini kwa kikundi kilichowagusa watu. Zomeo linalofuata haliwaelekei wachezaji. Linamwelekea jaji. Kwa mtu aliyejifunza historia ya beni, sauti hiyo ni ya mwenye mali anayemwona mgeni ameketi katika kiti chake.

Pingamizi

Hoja yetu inaweza kupingwa kwa nguvu. Itasemwa kwamba kelele za pande mbili hazikuwa hukumu bali upendeleo: mtu wa Mkomani alimshangilia wa Mkomani, na mwanachama wa Kingi hangeweza kumsifu Settla. Itasemwa pia kwamba umati unaweza kumdhulumu msanii asiye na kundi, hasa mwanamke aliye peke yake, mgeni, au yule anayeleta mtindo mpya. Jopo lenye vigezo vilivyoandikwa, hata likikosea, linaweza kudaiwa maelezo. Umati hauwezi.

Tunaikubali sehemu kubwa ya pingamizi hili. Nyimbo za kujibizana ziliumiza watu kwelikweli, na vyama vya ngoma viliwaingiza baadhi ya wanachama katika gharama walizoshindwa kuzimudu. Lakini upendeleo haukuwa wa kipofu. Wimbo dhaifu wa upande wako ulikufedhehesha wewe pia, na kwa hiyo mashabiki walikuwa wakali kwa wasanii wao kuliko kwa wapinzani. Mashindano ya Tanzania One Theatre na Muungano jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1990 yalionyesha jambo hili: ushabiki ulikuwa mkali, na papo hapo ulidai mipasho iliyotungwa kwa ustadi. Isitoshe, vigezo vilivyoandikwa vina upendeleo wao, isipokuwa hausikiki. Jaji aliyefunzwa kupima usawa wa safu na usahihi wa hatua atampunguzia alama mchezaji anayesimama kidogo ili kigelegele kimalizike, ilhali kwa mapokeo ya Pumwani kusimama huko ndiko ustadi wenyewe.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kelele za watazamaji katika mashindano ya ngoma zina historia ndefu kuliko studio, na kwamba historia hiyo ni ya mamlaka. Katika Pumwani ya awali, mtaa wa wageni wasio na wazee wa pamoja, kelele zilikuwa njia ya jamii kujipa kanuni zake za uzuri. Ukumbi na jopo vilichukua sehemu ya haki hiyo. Televisheni ikairudisha sauti pasipo haki.

Kutokana na hayo yapo mambo mawili yanayotukabili katika idara zetu. Kwanza, wanafunzi wanaorekodi ngoma, taarabu na mashairi ya kughani wanapaswa kunukuu kelele kama wanavyonukuu maneno: zilipoanza, zilipokoma, nani alizianzisha, na mtendaji alibadilisha nini kwa sababu yake. Nukuu iliyosafishwa ni rahisi kusoma, lakini inamwonyesha fanani akisema peke yake, jambo ambalo halikutokea. Pili, tunapofundisha uhakiki tuache kuwaambia wanafunzi kwamba uhakiki wa Kiswahili ulianza pale makala ya kwanza ilipochapishwa. Mwanamke wa Majengo aliyeamua kutopiga kigelegele alikuwa ametoa tahakiki, na aliyetunga wimbo ule aliielewa vizuri.